Jitu linalia, au jitu analia?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Ipagala, hapa Dodoma, ambaye ni fundi cherehani. Kwa ufupi anasema hivi: mwanawe wa miaka tisa aliingiziwa kwenye flashi filamu mbili za wale mashujaa wanne wa Marekani, Fantastic Four, ile ya mwaka 2005 na ile ya mwaka 2025. Mtoto hana habari na yule anayewaka moto, wala yule anayejivuta kama mpira. Kilichomteka ni lile jitu la mawe. Mama naye alijikuta analia kwenye ile ya zamani, pale jitu linaposhindwa kuokota pete. Baba akawacheka wote wawili: stelingi gani huyu, analialia na kupigana hataki? Mama anauliza kama kweli pale kuna kitu cha kuona au ni huruma ya bure, na kama ni vizuri mtoto kupenda dubwana. Mwishoni ameongeza kwamba mtoto anataka ashonewe vazi la jitu hilo kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa.

Mbukwa, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Pete nitaifikia, lakini kuna sentensi mbili za mwanao ambazo umezinukuu kama unapita njia tu, nami zimenishika kuliko pete yenyewe. Jitu lilipotokea mara ya kwanza alikuambia, "Mama ona, linakuja!" Kwenye daraja akasema, "Mama, anataka pete yake." Kwanza li, halafu a. Hakuna aliyemsahihisha, na sidhani hata yeye alijisikia akibadilisha. Katikati ya filamu moja, mtoto wa darasa la tatu au la nne amelihamisha jitu kutoka ngeli moja kwenda nyingine, kazi ambayo waandishi, waigizaji na mafundi wa filamu hiyo walilipwa fedha nyingi waifanye.

Ngoja nikae kidogo kwenye sarufi, maana ndiyo yenye utamu. Shuleni tulifundishwa kwamba chochote chenye uhai kinakwenda na A-WA: mende amekufa, fisi amekimbia. Lakini ukitaka kumkuza mtu mpaka atishe, au kumshusha mpaka adharauliwe, unamtoa humo. Mtu anakuwa jitu, na jitu linakuja, linakula, limelala. Ukubwa na dharau vimepanga chumba kimoja katika lugha yetu. Jina la Kiingereza la huyu shujaa wa mwanao, The Thing, maana yake ni "kitu" tu, na mimi naona Kiswahili kinamtendea haki zaidi kwa neno dude: kikubwa, hakijulikani ni nini, na ukiliona unarudi nyuma hatua mbili.

Hadithi tulizokulia zililiacha jitu palepale kwenye li. Zimwi lilimtia msichana ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini, watu wakasikia ngoma inaimba kwa sauti ya mtoto wao. Nani aliwahi kuuliza kama zimwi lile lilikuwa na mama? Nunda mla watu, paka wa sultani katika hadithi ya Unguja ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870, alianza na mifugo akaishia na watu, na raha ya hadithi ni kumsubiri kijana atakayemuua. Hata methali yetu yenye huruma kidogo, zimwi likujualo halikuli likakwisha, ukiisikiliza vizuri haiahidi kwamba zimwi litakuacha. Inaahidi kwamba litabakiza. Na mji wetu wenyewe, kwa simulizi inayojulikana zaidi, uliachiwa jina na tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, Wagogo wakasema idodomya, amedidimia. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi yule tembo alitokaje. Akaniambia nikachote maji.

Kwa hiyo mwanao alipofika kwenye a, alikuwa amevuka mto ambao hadithi nyingi za kwetu hazikujali kuuvuka. Sisemi hadithi zetu ni mbaya, zilikuwa na kazi nyingine: kumzuia mtoto asiende porini peke yake.

Sasa twende kwenye pete. Umesema hujui kwa nini ilikuliza, na kwamba hukulia pale watu walipokuwa wanamkimbia. Mimi naamini unajua, kwa sababu wewe ni fundi. Kumbuka mpangilio wa tukio lile. Ben Grimm, mtu aliyegeuka jabali zima linalotembea, yuko kwenye daraja la Brooklyn, New York. Kuna mtu anataka kujirusha, Ben anajaribu kumzuia, ajali inatokea, magari yanagongana. Gari la zimamoto linaning'inia ukingoni, naye analivuta kwa mikono mpaka linarudi barabarani. Polisi waliomwelekezea bunduki wanazishusha, watu wanapiga makofi. Filamu nyingine ingeishia hapo. Hii inamleta mchumba wake, amesimama katikati ya umati. Anamwangalia, anavua pete, anaiweka chini kwenye lami, anaondoka. Ben anainama kuiokota, na vidole vilivyovuta gari la zimamoto haviwezi kushika kipande cha chuma chepesi kuliko kifungo cha shati.

Wewe unajua tundu la sindano. Unajua siku ambayo macho yamechoka na uzi unapita pembeni, unalamba tena, unapita pembeni tena, na mteja amekaa anakuangalia. Nguvu za mkono mzima hazisaidii kitu pale. Ndiyo maana ulilia kwenye pete. Kukimbiwa na watu wengi ni jambo kubwa mno, mtu wa kawaida halijui. Kushindwa na kitu kidogo mbele za watu, hilo kila mtu amelionja.

Na angalia anayekuja kumwokotea. Ni Reed, rafiki yake, yule wa kujivuta. Hesabu za Reed ndizo zilizokosea kule angani mpaka mionzi ikawapata. Anaiokota pete kwa vidole vyake vyembamba, anaiweka kwenye kiganja cha mawe, anaahidi kumponya. Hatia na urafiki vimekaa kwenye kiganja kimoja, na tukio zima halijachukua muda wa kuchemsha chai. Filamu ile ina udhaifu mwingi, vichekesho vyake vingine vimechacha, adui wake hana uzito, na wachambuzi wengi waliichana. Mimi pale kwenye daraja naivulia kofia.

Kuna jambo la kiufundi lililosaidia. Mwigizaji, Michael Chiklis, hakuwekewa mwili wa kompyuta. Alivalishwa vazi la mpira lenye uzito wa kilo 27 hivi, na kilichobaki chake wazi ni macho. Mikono unayoiona ikihangaika kwenye lami ni ya mtu aliyevaa glovu nene kwelikweli. Rudia tukio lile siku moja ukiwa umeziba mdomo wa jitu kwa kidole kwenye kioo cha televisheni, utaona maigizo yote yako juu, kwenye macho ya buluu. Filamu ya 2025 ilitumia kompyuta, nayo ikayalinda macho vilevile. Ebon Moss-Bachrach, aliyemwigiza, ana macho ya mtu aliyekesha.

Hapa nijiruhusu kukwepa njia kidogo. Zamani nilikuwa mrudisha mikanda kwenye kibanda umiza kimoja Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Enzi za deki na mtafsiri mwenye maiki. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mkanda nyuma ukiisha, malipo yangu kuangalia bure. Ulikuwepo mkanda wenye vipande vya lile lijamaa la kijani, Hulk, ule mfululizo wa televisheni wa Marekani ulioanza mwaka 1977 ukaisha 1982. Watu walilipa wakaone shati linachanika. Shati likishachanika, meza zikishapinduliwa, benchi zinaanza kuwa tupu. Mimi niliyekuwa nimefungwa na kazi nilibaki, nikaona kitu ambacho wateja hawakukiona: kila kipande kinaisha na mtu mwembamba, begi begani, anatembea kando ya barabara akiomba lifti, nyuma yake kinanda kinapiga taratibu. Bill Bixby ndiye aliyekuwa yule mtu. Mwili wa kijani ulikuwa wa Lou Ferrigno, mnyanyua vyuma ambaye tangu utotoni masikio yake hayasikii vizuri. Jitu halikupewa maneno, lilinguruma tu, na mngurumo wenyewe uliwekwa na mtu mwingine. Kwa hiyo Ferrigno alibaki na uso na mabega. Kuna sehemu linaangalia mikono yake kama mtu aliyeamka akakuta damu isiyo yake. Tangu hapo sijawahi kutoka kabla mkanda haujaisha.

Lakini Hulk ana nafuu moja ambayo Ben hana. Hasira zikishuka, Hulk analala na mtu anaamka. Ben analala jiwe, anaamka jiwe. Hana saa ya kupumzika kuwa dude. Anapiga mswaki akiwa dude. Ndiyo maana hadithi zake bora zinatokea jikoni, mlangoni, kwenye kiti kinacholalamika. Vita ni sehemu ndogo tu ya shida zake.

Sasa shemeji yangu, anayeuliza stelingi gani hataki kupigana. Mpe hadithi hii, imo kwenye kitabu cha kwanza kabisa cha katuni cha mashujaa hawa, kilichotoka mwaka 1961, maneno ya Stan Lee na michoro ya Jack Kirby. Ben ni rubani. Anawaambia wenzake kabla ya safari: mionzi ya angani hatujaijua vya kutosha, tusiende. Susan, mchumba wa Reed, anamwambia hakudhani angekuwa mwoga. Neno hilo moja likamchoma, akarusha roketi. Wote wanne walirudi wamebadilika, lakini yeye peke yake ndiye aliyepoteza sura. Alikuwa ameona sawa. Alikuwa anajua kazi yake kuliko wote mle ndani, na aliyemfanya jiwe si mionzi peke yake, ni kuogopa kuitwa mwoga. Shemeji akishaisikia hiyo, muulize tena kuhusu kusita.

Kisha mrudishe kwenye filamu ya 2005, karibu na mwisho. Adui anamdanganya Ben, anamwingiza kwenye mashine, na mashine inamrudishia ngozi yake. Ana uso. Ana vidole. Pete ingeshikika. Anapotambua kwamba rafiki yake anauawa, anarudi mwenyewe kwenye ile mashine na kuiwasha. Mara ya kwanza jiwe lilimpata, mara ya pili amelichagua, tena akijua bei yake mpaka senti ya mwisho. Stelingi anayependa kupigana hawezi kukupa tukio kama hilo, kwa sababu hana anachoacha. Yeye ngumi ni chakula chake. Huyu wetu akikunja ngumi, ujue ameweka kitu chini kwanza.

Umeniuliza pia kama upole wa jitu ni kitu cha kuonekana au tunajitungia. Unaonekana, lakini lazima ujue pa kuangalia. Upole wa mtu mdogo hauna picha, nikikushika bega taratibu hakuna atakayeshangaa. Upole wa jitu unaupima kwa vitu ambavyo havijavunjika: kikombe ambacho bado kina mkono, mlango ambao bado una bawaba, bega la mtu ambaye hakushtuka. Mwigizaji anayeelewa hilo anachelewesha mkono kidogo kabla haujagusa. Ule ucheleweshaji ndio upole wenyewe, na ndani yake kuna hofu, kwa sababu jitu linaloweza kukosea haliruhusiwi kukosea hata mara moja. Kwenye katuni, mtu wa kwanza kumgusa uso bila hofu ni Alicia, mchongaji wa sanamu asiyeona, aliyeingia kwenye hadithi mwaka 1962. Filamu ya 2005 nayo inaye. Wengine wanaona hila rahisi pale, kipofu kumpenda mbaya wa sura. Mimi namtazama kama mtu wa kazi: mchongaji anashika jiwe kila siku, na anajua jiwe lina upande.

Nikupe na mfano wa upande mwingine, wa jinsi mkasi unavyoweza kumrudisha jitu kwenye li. Mwaka 1931 James Whale alitengeneza filamu ya lile jitu la Frankenstein, Boris Karloff akaliigiza. Kuna tukio ziwani: mtoto wa kike anacheza naye, wanarusha maua majini, maua yanaelea, jitu linacheka. Maua yanapomwisha mkononi, anamrusha mtoto, akidhani naye ataelea. Wakaguzi waliona ni ukatili, wakakata. Kwa miaka mingi watu waliona nakala inayoishia pale mikono inaponyooshwa kumwelekea mtoto. Unaelewa walichofanya? Kosa la mtu asiyejua maji limegeuka kuwa nia, na kila mtazamaji akajazia mwenyewe uovu ambao Karloff hakuuigiza. Kipande kilirudishwa miaka ya 1980. Nakuomba, mtoto wa miaka tisa usimwonyeshe. Angalia wewe.

Ya 2025 nitaipitia haraka. Imewekwa kwenye dunia ya kubuni yenye sura ya miaka ya 1960, ambako kila mtu anawapenda hawa wanne. Hakuna anayemkimbia Ben. Anapika, anatania, watoto wanamwomba aseme kauli maarufu ya katuni ya televisheni inayomhusu, naye anawaambia hiyo ni ya kwenye katuni. Baadhi ya marafiki zangu wanasema wamemwondolea maumivu. Mimi naona wameyashusha sauti. Mtu anayependwa na mji mzima, na bado kwenye televisheni kuna yeye mwingine anayepiga kelele na kupenda ngumi, ana upweke wake, na mwanao ataufahamu akikua. Kitakachomsumbua mtoto kwenye filamu hiyo si Ben hata kidogo, ni adui mwenye ukubwa wa kutembea juu ya majengo anayemtaka mtoto mchanga. Kaa naye hapo.

Kuhusu kupenda dubwana, basi, sioni tatizo. Ningeanza kuwa na wasiwasi kama angebaki kwenye li mpaka mwisho. Kama ni mkubwa kuliko wenzake darasani, au ndiye anayeambiwa kila siku "wewe utavunja", hutahitaji mtaalamu akueleze kwa nini kamchagua huyu. Siku ya jumapili mpeleke mahali penye mawe, Dodoma hatuna uhaba. Mlima Mlimwa unaonekana karibu kila upande wa mji, na mawe yaliyobebana kama yameshushwa jana yako kila njia ya kutokea. Acha aseme mwenyewe lipi limekaa na lipi linainuka.

Nakaribia vazi, ila kuna jambo moja utalipenda kwanza. Jack Kirby, aliyemchora Ben, alizaliwa mwaka 1917 akiitwa Jacob Kurtzberg, mtoto wa wahamiaji maskini wa Kiyahudi kutoka Austria, na alikulia New York kwenye mtaa ambao ndani ya katuni umegeuzwa jina ukawa mtaa wa akina Ben. Baba yake alifanya kazi kiwandani akishona nguo. Ben jina lake la kati ni Jacob. Kirby alipigana Ufaransa katika vita vya pili, baridi ikamuumiza vibaya miguu, akarudi nyumbani na kuendelea kuchora watu ambao miili yao haikurudi ilivyokuwa.

Vazi, sasa. Usihangaike na kitambaa cha michoro ya mawe, kitakuwa kama pazia. Tafuta mabaki ya sponji la godoro, ukate vipande visivyolingana, kimoja cha pembe tano, kingine cha sita, uvishone juu ya fulana kuukuu ukiacha nafasi nyembamba kati yake ili aweze kuinama. Paka rangi ya chungwa iliyochanganywa na kahawia, iliyokolea zaidi kwenye mianya. Suruali ya buluu, fupi. Kirby mwenyewe mwanzoni alimchora kama tonge la udongo, vigae vya mawe vilikuja taratibu, kwa hiyo ukikosea umbo usifumue. Usimvalishe kinyago cha uso mzima. Kofia ya sponji iishie kwenye nyusi, macho yabaki wazi.

Glovu ziwe nene, na ziwe na vidole vinne kila mkono, kimoja cha gumba na vitatu vingine, ndivyo alivyo kwenye katuni. Akishavaa, kabla wageni hawajafika, weka sarafu ya shilingi hamsini sakafuni umwambie aiokote. Shemeji awepo.